Salamu Bila ya Kutolea

Wasikilizaji wapenzi, hamjambo huko mliko? Sisi huku hatujambo. Mwenye mgonjwa Mungu amjalie nafuu, mwenye safari afike salama. Sasa angalieni: nimewasalimu, nanyi mmeniitikia, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu. Hiyo ndiyo salamu. Nataka leo tuizungumze kidogo, maana kwa jinsi mambo yanavyokwenda naona inageuka kuwa kitu cha kulipia.

Hebu fikirieni simu ya kawaida ya siku hizi kati ya mtu wa mjini na watu wake wa nyumbani. Inaita. Unatazama jina, unavuta pumzi kwanza. "Shikamoo." "Marahaba, hamjambo huko?" "Hatujambo, ila..." Ah, ile "ila"! Katika maneno yote ya Kiswahili sidhani kama lipo jingine fupi kiasi hicho lililowahi kugharimu fedha nyingi kiasi hicho. Baada ya "ila" yanakuja mabati, inakuja ada ya shule, unakuja mguu wa bibi, na mwisho kabisa, kama mhuri wa posta, unaambiwa: "Na usisahau ya kutolea."

Sisemi kwamba kutumiana fedha ni vibaya. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na wenzake wakafuata, wapo wagonjwa waliowahiwa kwa sababu fedha ilifika usiku uleule. Zamani ungemkabidhi kondakta wa basi bahasha, halafu ukalala ukiomba Mungu kondakta awe mtoto wa watu. Hapana, fedha itumwe. Ninachosema mimi ni kingine. Ninasema wapo watu, na ni wengi, walioacha kabisa kusalimia kwa sababu hawana cha kutuma.

Mimi nimekulia Kidodi. Kwa asiyepafahamu, ukitoka Morogoro kwa barabara kuu ya kwenda Iringa, ukakatiza ile hifadhi ya Mikumi ambako basi linapunguza mwendo na abiria wote wanahamia dirisha moja kumtazama tembo, unafika Mikumi mjini. Pale unaiacha barabara kuu, unashika kushoto kama unayekwenda Ifakara. Milima ya Vidunda inakusindikiza, mashamba ya miwa yanaanza, na kabla hujauvuka Mto Ruaha Mkuu kuingia Kidatu, ambako tayari ni Wilaya ya Kilombero, umefika kwetu. Sisi tuko upande wa Kilosa. Wenyeji wa pale ni Wavidunda, lakini ukiuliza makabila ya watu waliokuwa wakipanga foleni kisimani kwetu ungepata nusu ya ramani ya Tanzania: Wapogoro, Wahehe, Wabena, Wangoni, Wanyakyusa, Wapangwa. Miwa ndiyo iliyowaita. Kiwanda cha Msolwa kilianza miaka ya 1960, cha Ruembe kikafuata katika miaka ya 1970, na kila msimu wa kuvuna ulileta malori ya vijana wenye panga na blanketi moja.

Msimu huo ukianza, jioni mashamba huchomwa moto ili majani yateketee, mkataji apate pa kupita. Basi masizi yanapaa angani, yanatua taratibu kama manyoya ya ndege mweusi juu ya kila kitu. Akina mama wakiona moshi unaelekea upande wetu walikuwa wakikimbilia kamba ya nguo kama waliosikia kengele. Hata leo nikiona shati jeupe limeanikwa jioni moyo wangu hautulii.

Na pale kwetu palikuwa na mambo ya kuchekesha ukiyafikiria. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na lilipokamilika likawa la megawati 204. Nyaya zikapita juu ya mashamba kwenda kuwasha taa za Dar es Salaam. Sisi tulio chini ya nyaya tulikuwa tunaanika betri za redio juu ya bati, jua lizipe uhai wa siku mbili tatu. Tena kuna reli. Reli ya kutoka Kilosa inaishia Kidatu, na TAZARA nayo, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975, inapita hapohapo. Lakini moja ina upana wa milimita 1,000 na nyingine 1,067. Milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja! Kwa miaka zaidi ya 20 reli hizo mbili zilitazamana tu, hadi mwaka 1998 kilipofunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hili kwenda lile. Nawaambia, hata vyuma navyo vinahitaji mtu wa kuvisalimisha.

Sasa, katika mchanganyiko huo wa watu, kila mmoja alikuwa na mtu wake mbali aliyekuwa anajiuliza kama bado yu hai. Barua ilikwenda kwa majuma, ikapitia sanduku la shule au la misheni, na ilitegemea mwalimu mkuu atakumbuka kumwambia mtoto wa nani apeleke kwa nani. Simu ya waya? Hiyo tuliiona ofisini kwa wakubwa. Kilichobaki ni redio, nayo Tanzania Bara nzima ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, na kwenye msumari kilining'inizwa kiredio cha National kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli kisisambaratike. Mtu analeta pancha ya dakika kumi, anakaa saa mbili. Pale ndipo niliposikia Pwagu na Pwaguzi, pale ndipo watu walipogombana juu ya Simba na Yanga, na pale ndipo nilipoijua kazi ya kadi ya salamu.

Vijana wa leo wanisamehe, lazima nieleze. Kadi ya salamu ilikuwa kadi kweli, ya karatasi ngumu. Unaandika jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha majina ya unaowasalimu, halafu unaweka ujumbe mfupi, mara nyingi methali. Unaipeleka posta, Sanduku la Posta 9191, Dar es Salaam. Namba hiyo tuliijua kabla hatujaijua jedwali ya tisa. Kisha unangoja. Pengine majuma matatu, pengine miezi miwili, pengine haisomwi kabisa. Siku ikisomwa, mtangazaji anatamka jina lako, anataja Kidodi, nchi nzima inasikia kwamba Kidodi ipo na wewe umo ndani yake, halafu unapigwa muziki. Wapo waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, wenye majina ya kujipachika kama ya wacheza karata, wanasalimiana na watu wa Bukoba na Mtwara ambao hawajawahi kuwaona wala hawatawaona.

Muziki wenyewe sasa! Sisi wa Mkoa wa Morogoro tulikuwa tunajisikia. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa yetu, Morogoro Jazz ilikuwa yetu, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa wetu hata baada ya kuondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano. Ukipigwa wimbo wake pale kibandani, baba aliacha nyundo. Na wote wawili barabara iliwachukua: Salum Abdallah kwa ajali ya gari mwaka 1965, Mbaraka kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979. Nilikuwa mtoto wakati ule wa pili, lakini naikumbuka sura ya baba. Alizima redio, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana kweupe.

Redio hiyohiyo iliyosoma salamu ndiyo iliyosoma matangazo ya vifo. Msiba ukitokea, familia inapeleka tangazo, na majina ya ndugu yanasomwa mmoja mmoja, fulani aliyeko wapi, fulani popote alipo. Kwa hiyo mtu wa mbali alikuwa anasikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja linatafuta salamu, jingine linaomba lisisikie kitu.

Kulikuwa na mkata miwa mmoja kutoka Ludewa, sisi tulimwita Mpangwa tu, naye alituita watoto wote "mwalimu" kwa sababu tulikuwa tunajua kusoma. Alikuwa amekaa kwetu misimu minne bila kwenda kwao. Si kwamba alikuwa mlevi au amepata mke mwingine, kama watu walivyopenda kusema. Aliondoka nyumbani akiwa amemwahidi mama yake mabati. Nyumba ya nyasi, alisema, ataiezeka bati msimu wa kwanza tu. Msimu wa kwanza akaumwa. Wa pili akaibiwa kambini. Wa tatu mabati yenyewe hayakuonekana madukani, maana ilikuwa ile miaka ya mwanzoni mwa 1980 ambapo hata sukari, sisi tuliokuwa tunakoga masizi yake, tuliipangia foleni. Na kila msimu uliopita bila mabati ulifanya njia ya kurudi iwe ndefu zaidi. Barua haandiki. Ataandika nini?

Siku moja baba akamuuliza, huku akisugua mpira kwa msasa, bila kumtazama: "Mama yako anajua kama u mzima?" Mpangwa hakujibu. Baba akatoa kadi kwenye droo ya spana, akanipa mimi na kalamu. "Mwandikie."

Nikaandika jina lake. Nikaandika Kidodi, Kilosa. Nikaandika jina la mama yake, la dada zake, la jirani mwenye redio. Nikamuuliza ujumbe. Alifikiri muda mrefu, mpaka mteja mwingine akaja na baiskeli iliyokatika mnyororo, akahudumiwa, akaondoka. Kisha akasema: "Andika, mimi mzima." Nikamwambia, kwa ujuzi wangu wote wa darasa la tano, kwamba ujumbe unatakiwa uwe methali. Akasema, "Mwalimu, andika hivyohivyo."

Angalieni ule ujumbe. Hakuna bati ndani yake, hakuna ahadi mpya, hakuna samahani. Na kadi ile haikumdai mama yake jibu, wala haikumpa nafasi ya kuuliza "mabati vipi?" Ilisema yupo, basi. Mtu aliyefungwa mdomo na aibu miaka minne alipata mlango mdogo wa kupitia, kwa bei ya kadi moja na stempu.

Ilisomwa baada ya majuma matano hivi, mchana. Mwenyewe alikuwa shambani. Tulimpokea jioni barabarani, watoto kama kumi, kila mmoja anataka awe wa kwanza kumwambia. Hakusema kitu. Alikaa juu ya tairi bovu, akamwomba baba amweleze vizuri jinsi mtangazaji alivyotamka jina la mama yake. Baba akamweleza. Akaomba tena.

Na jibu lilikuja, kwa njia ileile. Karibu miezi mitatu baadaye tukasikia kadi kutoka Ludewa, bila shaka ameiandika mwalimu wa huko, inamsalimu Mpangwa wetu wa Kidodi, na ujumbe: nyumba haina haraka, njoo. Msimu ulipofungwa akaenda. Alipanda lori la kupita Mikumi akiwa na blanketi lake na mfuko wa sukari kilo mbili ambao sikuuliza aliupata wapi.

Sasa mtaniambia, "Basi wewe unalilia ujima." La. Ile njia ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na redio moja na masikio ya nchi nzima yalikuwa hapohapo, na jambo hilo lilikuwa na ubaya wake, maana kisichosemwa na redio ile kilikuwa hakijatokea. Ilipofika mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani, na nyingine zikafuata, mimi nilifurahi kama kila mtu. Lakini tangu hapo mtu wa Kidodi hakuweza tena kuwa na uhakika kwamba mama yake wa Ludewa anasikiliza anachosikiliza yeye. Vipindi vya salamu vimebaki, sehemu nyingi kwa ujumbe wa simu, na vinachangamsha. Lakini mwenye simu anayetuma salamu redioni siku hizi anatafuta kusikika. Mpangwa alitafuta kufika.

Simu za mkononi zilipoenea, mwanzoni tulikuwa na kitu kizuri ambacho hakuna kampuni iliyokikusudia. Nacho ni kubipu. Mnakumbuka? Unapiga, unakata kabla haijapokelewa. Bure. Tulikicheka, tukakiita ubahili, watu wakatungiana vichekesho. Mimi nakiona ndiyo kadi ya salamu ya mwisho tuliyopata. Jina linatokea kwenye kioo, linazimika: mimi mzima. Kisha likaja suala la kutuma fedha, na polepole kila mlio wa simu ukawa na swali nyuma yake.

Ahadi, ahadi. Jimbo la Mikumi, ambalo Kidodi imo ndani yake, lina bahati yake katika jambo hili. Mwaka 2015 lilimchagua kuwa mbunge Joseph Haule, ndiye Professor Jay, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitamba kwa wimbo uitwao "Ndiyo Mzee", wa mwanasiasa anayeahidi vitu visivyowezekana hata kwa muujiza. Nchi nzima iliucheka. Alikaa bungeni hadi mwaka 2020, na kazi yake waipime wapiga kura wenyewe, mimi hapa sifanyi kampeni. Ninachokitazama ni yule mtu wa kwenye wimbo. Yule anaahidi mbingu na kesho anapita tena kifua mbele, watu wanampigia makofi. Mkata miwa anaahidi mabati ishirini, anakosa, anajificha miaka minne. Aibu katika nchi hii haikugawanywa kwa haki.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, naye ametoka Kidodi kuja Dar es Salaam kutafuta maisha. Anaendesha bodaboda ya mtu kule Mbagala. Miezi minane dada yangu hakusikia sauti yake. Kila nikimpigia dada ananiambia, "Kaka, na ana simu mbili." Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, simu mbili. Kama angekuwa hana hata moja ungekuwa na mahali pa kuuweka moyo.

Nikamtafuta, nikampata kijiweni. Shikamoo mjomba, marahaba, amekonda lakini mzima. Tukanywa chai. Nikamuuliza kwa upole, kwa nini humpigii mama yako? Akaniangalia kama ninayeuliza kitu cha kitoto. "Mjomba, nikipiga bila kutuma, nitasema nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sioni kama kuna mtu mwenye nalo. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Fedha ya siku anampelekea mwenye pikipiki, iliyobaki ni mafuta na sahani ya wali. Na aliniambia kwamba mara ya mwisho alipopiga, kabla hajamaliza kusalimia alishaelezwa habari za mbolea, za paa la jiko na za mchango wa harusi. Mama yake hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anampa habari za nyumbani, na habari za nyumbani ndizo hizo. Lakini kijana alisikia orodha.

Basi nikampigia dada siku hiyohiyo, nikamweleza neno kwa neno. Akanyamaza. Nikasikia kuku. Halafu akasema, "Kumbe anadhani mimi ni benki?" Akanyamaza tena. "Mwambie awe ananibipu. Sitapokea. Nikiona namba yake nitajua yupo, nitaendelea na shughuli zangu."

Nikamfikishia. Jumapili jioni kijana akabipu. Jumatano akabipu. Jumapili iliyofuata akabipu, na safari hii dada, ambaye tangu utoto wetu hajawahi kutimiza mapatano ya namna hii, akapokea kabla hajakata, salio la mtoto likaliwa lote. Nilimuuliza dada walizungumza nini muda wote huo. Akasema hakuna, habari za mbuzi tu, yule mweusi amezaa mapacha.